Kizibo kwanza, wavu baadaye

Ukijikata kidogo kidevuni unaponyoa ndevu, angalia saa. Kwa mtu mzima mwenye afya damu itachuruzika dakika mbili tatu, kwa kawaida haivuki saba, kisha itasimama yenyewe. Pangusa jeraha kwa kitambaa muda huo huo na damu inaanza upya. Pangusa kesho asubuhi, haianzi. Jeraha ni lile lile na limefunikwa mara zote mbili, ila kilicholifunika kimebadilika. Jana lilizibwa na kizibo laini cha chembe sahani, kitu kinachong'oka kwa kuguswa. Usiku kizibo hicho kimeshonewa wavu wa nyuzi za protini.

Kazi ni mbili, mafundi ni wawili, na kila fundi ana namna yake ya kukosea. Mtaani tunasema "damu yake nyepesi" au "damu yake haigandi" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Kisha karatasi ya maabara inatoka imeandikwa PLT 62, yaani hesabu ya chembe sahani, familia nzima inashikwa na hofu, simu zinapigwa kutafuta wa kuchangia damu. Wakati huo huo kijana mwenye PLT 300, namba safi kabisa, anaweza kuwa amelala kitanda cha jirani akivuja damu ndani ya goti. Namba ile inampima fundi mmoja tu.

Fundi wa kizibo

Chembe sahani si seli kamili, ni vipande. Ndani ya uboho wa mifupa kuna seli kubwa kuliko jirani zake zote, megakaryosaiti, ambayo huchomeka mikono mirefu kupitia kuta za mishipa midogo, na damu inayopita huimegua mikono hiyo. Seli moja hutoa maelfu ya vipande kisha hufa. Kila kipande kina upana wa mikromita 2 hadi 3, chini ya nusu ya chembe nyekundu, hakina kiini, na huishi siku 7 hadi 10. Kiwango cha kawaida ni chembe 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu, kwa hiyo ile PLT 62 ni 62,000. Uboho hutoa takriban bilioni 100 kila siku kufidia zinazokufa.

Theluthi moja ya chembe sahani zote haimo kwenye mzunguko. Imetulia ndani ya bandama. Liweke hilo akilini, lina kazi mbele.

Ukuta wa ndani wa mshipa ni mwororo na hutoa kemikali za kuzuia chembe sahani zisishike popote. Chini ya ukuta huo kuna kolajeni, nyuzi zile zile zinazoipa ngozi uimara, ambazo damu haitakiwi kukutana nazo. Wembe ukipita, kolajeni inabaki wazi. Mshipa unajibana. Protini iitwayo von Willebrand, ambayo kwenye damu huelea ikiwa imejikunja kama mpira wa uzi, inanasa kwenye kolajeni, na kasi ya damu inaivuta mpaka inanyooka. Ikinyooka ndipo vishikio vyake vinafunuka, na chembe sahani zilizokuwa zikipita mbio zinadakwa. (Jina hilo ni la daktari wa Finland, Erik von Willebrand, aliyeeleza mwaka 1926 ugonjwa wa kuvuja damu katika familia moja ya visiwa vya Åland.)

Chembe iliyodakwa hubadilika sura ndani ya sekunde chache. Sahani inakuwa duara lenye miiba. Inamwaga vifuko vyake vyenye kalsiamu na kemikali ya ADP, na inatengeneza thromboksani, kemikali inayowaamsha wapita njia wengine. Juu yake vinafunguka vishikio vya fibrinojeni, protini yenye ncha mbili: ncha moja inashika chembe hii, nyingine inashika ile. Zinashikana hivyo mpaka tundu linajaa.

Hapo ndipo aspirini inapoingia. Aspirini huua kimeng'enya kinachotengeneza thromboksani ndani ya chembe sahani, na kwa kuwa chembe haina kiini, haiwezi kutengeneza kingine. Imelemazwa kwa maisha yake yote yaliyobaki. Dozi ndogo ya miligramu 75 hadi 100 kwa siku inatosha kuzilemaza chembe karibu zote. Ukiacha leo, kinachokurudisha kwenye hali yako ni chembe mpya tu, kama asilimia 10 kwa siku, na ndiyo sababu wapasuaji wengi wanapotaka isimamishwe wanataja siku 7. Diklofenaki na ibuprofeni hushika kimeng'enya hicho hicho na baadaye hukiachia, hivyo athari yake huisha mapema zaidi. Lakini mtu aliyewekewa chuma cha kupanua mshipa wa moyo asijiachishe aspirini kwa sababu kesho anang'oa jino. Kuvuja kwa fizi hubanwa kwa pamba. Chuma kikiziba, ni mshtuko wa moyo. Amwambie daktari wa meno na wa moyo, waamue wao.

Fundi wa wavu

Huyu yumo kwenye plazma, yale maji ya rangi ya njano hafifu yanayobaki damu inapochujwa chembe zake. Ni kundi la protini zilizopewa namba za Kirumi, nyingi zikitengenezwa na ini. Namba VI haipo: walidhani wamegundua protini mpya, kumbe ilikuwa ile ya V ikiwa imeamshwa, wakaifuta na pengo likabaki.

Mwanzo wa kazi uko nje ya mshipa. Seli zilizouzunguka mshipa zina protini ambayo damu haikutani nayo mpaka mshipa ukatike. Ikikutana nayo, namba VII inaishika, zinaamsha X, na inapatikana thrombini kiduchu. Kiduchu hicho hakitoshi kuganda chochote, kazi yake ni kupiga mbiu: kinaamsha V, VIII na XI, na kinazichochea chembe sahani zaidi. Chembe zilizochochewa zinageuza mafuta ya utando wake yaliyokuwa ndani yakawa nje, na juu ya mafuta hayo, kwa msaada wa kalsiamu, X na V zinakaa pamoja kama fundi aliyepata meza. Kasi ya kutengeneza thrombini inapanda mara laki kadhaa. Bila meza ya chembe sahani, mafundi wa plazma wanazagaa tu na mkondo unawazoa. Kwa hiyo nikisema kazi mbili sisemi zinatengana. Ya pili inafanyika juu ya mgongo wa ya kwanza.

Thrombini ikiwa nyingi inakata ncha za fibrinojeni, nayo inageuka fibrini, nyuzi zinazojipanga zenyewe. Mwisho namba XIII inazifunga nyuzi hizo mafundo. Mtu asiye na XIII damu yake huganda vizuri mbele ya macho yako, kisha bonge linavunjika siku ya pili.

Vitabu vya shule vinachora mchoro wa matawi mawili, la ndani na la nje, yanayokutana kwenye X. Mchoro ule unaeleza vizuri kinachotokea kwenye tyubu ya maabara. Mwilini mambo ni tofauti, na ushahidi wake ni watu waliozaliwa bila namba XII, iliyo kileleni mwa tawi la ndani: kipimo chao cha APTT, yaani muda wa damu kuganda kwenye tyubu, kinakuwa kirefu cha kutisha, na hawavuji damu hata wakipasuliwa. Ukimfundisha mwanafunzi mchoro huo peke yake, siku moja ataahirisha upasuaji bila sababu.

Kuna breki pia. Antithrombini inazikamata thrombini zinazopotea njia, protini C na S zinazima V na VIII, na siku zinavyokwenda plazmini inakata wavu vipande vipande jeraha likipona. Breki zikiwa dhaifu, au damu ikikaa bila kwenda, bonge linajitengeneza pasipo jeraha: mguu mmoja unavimba na kuuma kwenye shavu la mguu baada ya upasuaji wa nyonga au safari ndefu ya kukaa, kisha kipande kinang'oka na kwenda mapafuni. Mguu mmoja uliovimba na pumzi inayokata ghafla si jambo la kusugua kwa dawa ya misuli. Kusugua kunaweza kulisukuma bonge lenyewe.

Damu inatokea wapi, na inatokea lini

Hapa ndipo ningependa mtu atulie kuliko kwenye karatasi ya maabara.

Fundi wa kizibo akiwa na hitilafu, damu inatoka papo hapo na inatoka juu juu: fizi wakati wa mswaki, puani, hedhi nzito, na vidoadoa vyekundu vya ukubwa wa kichwa cha pini, hasa kwenye miguu chini ya magoti kwa sababu shinikizo la damu ni kubwa huko. Bonyeza kwa gilasi inayopitisha mwanga. Kidoa cha damu hakipotei, kipele cha joto hupauka. Hedhi ina vipimo vyake vya nyumbani: pedi kujaa ndani ya saa moja au mbili, mabonge makubwa kuliko sarafu, au siku kupita 7. Msichana ambaye amekuwa hivyo tangu kuvunja ungo na mama yake alikuwa hivyo hivyo anastahili kupimwa von Willebrand kabla ya kuambiwa kwamba ndivyo wanawake wa ukoo wao walivyo. PLT yake mara nyingi itakuwa ya kawaida.

Fundi wa wavu akiwa na hitilafu, mkato mdogo hauna shida. Kizibo kinakaa. Damu inakuja baadaye, saa kadhaa au kesho yake, na inakuja kwa ndani: goti, kiwiko, kifundo cha mguu, misuli ya paja. Mfano unaojulikana zaidi kwetu ni tohara. Mtoto wa kiume anatahiriwa asubuhi, damu inasimama kama ya wenzake, ngariba au nesi anaondoka ameridhika. Usiku kitambaa kinalowa. Wanabana, inasimama, alfajiri inaanza tena. Kizibo cha chembe sahani kimefanya kazi yake mara tatu na hakikupata wavu wa kukishikilia. Huyo ni mtoto wa kupimwa hemofilia: A ikiwa kinachokosekana ni VIII, B ikiwa ni IX. Kosa liko kwenye kromosomu ya X, kwa hiyo mama hubeba na wana wa kiume huugua. Kabla ya kumpeleka mvulana jandoni, uliza kuhusu wajomba zake upande wa mama. Mwenye chini ya asilimia 1 ya kiwango cha kawaida huvuja bila hata kujigonga. Mwenye asilimia 5 hadi 40 anaweza kuishi bila kujua mpaka siku ya kung'olewa jino. Mtoto huyo asipigwe sindano ya msuli na asipewe diklofenaki, maana hiyo itamlemaza na fundi wa kwanza aliyebaki.

Namba inapodanganya

Kabla ya kuamini PLT ya chini, uliza damu ilivutwaje. Tyubu ya kifuniko cha zambarau ina EDTA, inayokamata kalsiamu ili damu isigande njiani. Ikijazwa taratibu kwa sirinji iliyokaa dakika mbili, au isipogeuzwageuzwa mara 8 hivi baada ya kujazwa, vibonge vidogo vinaanza na mashine inahesabu bonge moja kama si kitu. Kuna pia watu ambao EDTA yenyewe inafanya chembe sahani zao zigandamane ndani ya tyubu. Mwilini mwao hakuna tatizo lolote. Mashine inasoma 40,000, mtu anatembea na hana kidoa hata kimoja. Dawa yake ni kupaka tone la damu kwenye slaidi na kuangalia kwa hadubini kama chembe zimekaa makundi makundi ukingoni mwa mpako, kisha kurudia kwa tyubu ya bluu yenye sitreti na kuzidisha jibu kwa 1.1, kwa sababu sehemu moja ya kumi ya tyubu hiyo ni dawa. Dakika kumi za hadubini zimewaokoa wengi wasiongezwe damu wasiyoihitaji.

Tyubu ya bluu nayo ina masharti. Ni sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitreti, mpaka kwenye mstari. Ikijazwa nusu, sitreti inakuwa nyingi mno na vipimo vya muda wa kuganda, PT na APTT, vinatoka virefu kwa mtu mwenye afya kabisa. Damu iliyovutwa kwenye kanula iliyosafishwa kwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, inafanya vivyo hivyo. Jibu la ajabu kwa mtu asiye na dalili lirudiwe kwanza kabla ya kuogopwa.

Homa zetu

Malaria hushusha chembe sahani karibu kila mara. 80,000 au 60,000 kwa mgonjwa wa malaria ni jambo la kila siku, mara chache huvuja, na namba hupanda yenyewe wiki moja hivi baada ya dawa. Hakuna haja ya kuongeza chochote ila kutibu malaria.

Dengue, iliyoitikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, inashusha zaidi, wakati mwingine chini ya 20,000, na hapo ndipo watu wanaikodolea macho PLT na kukosa hatari yenyewe. Kinachoua kwenye dengue kwa kawaida ni mishipa midogo kuvujisha plazma, hasa kati ya siku ya 3 na ya 7, homa inapoanza kushuka na ndugu wanaanza kushukuru. Dalili za kuwahi hospitali ni tumbo kuuma sana, kutapika kusikokoma, fizi kutoka damu, mikono ya baridi, mgonjwa kulegea au kuhangaika. Kwenye karatasi angalia HCT (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) inayopanda huku PLT ikishuka: damu inakauka maji yake. Tiba ni maji kwa kipimo, na paracetamol kwa homa. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zikae kando. Kumwongezea chembe sahani mgonjwa wa dengue asiyevuja, eti kwa sababu tu namba ni ndogo, kumejaribiwa na hakukumkinga na kuvuja. Juisi ya majani ya mpapai inasifiwa sana. Ushahidi wake hautoshi, na ubaya wake mkubwa ni siku mbili zinazopotea nyumbani.

Sasa turudi kwenye bandama. Kandokando ya Ziwa Victoria kichocho cha tumbo kinaacha makovu ndani ya ini, damu inayotoka utumboni inakosa njia, na bandama inavimba. Bandama kubwa inaweza kushikilia hata asilimia 90 ya chembe sahani. Uboho wake ni mzima, kiwanda kinafanya kazi, mzigo umezuiliwa ghalani. Ndiyo maana mvuvi mwenye PLT 50 na tumbo lililojaa upande wa kushoto hasaidiki sana kwa kuongezewa chembe: nazo zinakwenda ghalani. Akitapika damu, inatoka kwenye mishipa iliyovimba ya koo la chakula, na huko inahitajika kamera na kufunga mishipa.

Kipimo cha dakika 20

Sumu ya baadhi ya nyoka inamshambulia fundi wa wavu kwa ujanja: inamwamsha ovyo. Boomslang, nyoka wa mitini anayepatikana sehemu nyingi za Afrika, ana sumu inayogeuza prothrombini, yaani namba II, kuwa thrombini mfululizo mwilini kote, fibrinojeni inatumika yote kwa vibonge visivyo na faida, na baada ya hapo hakuna cha kuganda. Inachukua saa nyingi, na ukimya wa saa za kwanza ndio unaohadaa. Septemba 1957 huko Chicago mtaalamu wa nyoka Karl P. Schmidt aling'atwa na boomslang mchanga, akarudi nyumbani, akaandika dalili zake hatua kwa hatua, asubuhi akapata kifungua kinywa, na mchana akafa akiwa amevuja damu mapafuni na kwenye ubongo.

Zahanati isiyo na mashine inaweza kulijua jambo hili. Chukua tyubu ya kioo, safi, kavu, ambayo haijaoshwa kwa sabuni. Vuta mililita 2 za damu ya mshipa, mimina ndani, simamisha mahali penye joto la kawaida, usiiguse kwa dakika 20 kamili. Kisha ilaze mara moja. Damu ikibaki mahali pake kama jeli, fibrinojeni ipo. Ikimwagika kama chai, haipo. Kioo ni lazima, maana uso wa kioo ndio unaoamsha namba XII na kuanzisha kuganda. Kwenye plastiki damu nzuri inaweza kubaki majimaji ukatibu asiyeumwa. Mabaki ya sabuni nayo yanaharibu uso huo. Na ukiichungulia kwa kuitikisa dakika ya nane umeharibu kipimo. Rudia kila baada ya saa sita, kwani la kwanza linaweza kuwa zuri na la pili baya. Dawa ya sumu iliyochanganywa kwa nyoka wengi haimgusi boomslang. Yeye ana yake peke yake, inayotengenezwa Afrika Kusini, kwa hiyo maelezo ya nyoka aliyeonekana yana thamani. Nyoka mwenyewe asikamatwe.

Wakati wa kujifungua ujanja ni mwingine. Kondo linapoachia, kinachofunga mishipa kwanza ni misuli ya kizazi kujikaza, ndiyo maana oksitosini yuniti 10 hutolewa mara mtoto anapotoka. Mwili wa mjamzito pia umejiandaa: fibrinojeni yake hupanda hadi gramu 4 mpaka 6 kwa lita, wakati mtu wa kawaida ana 2 hadi 4. Kwa hiyo mzazi anayevuja damu akipimwa na kukutwa na gramu 2, maabara ikaandika "kawaida", hali yake tayari ni mbaya. Asidi ya traneksamiki huzuia plazmini isikate wavu unaojaribu kujifunga. Gramu 1 kwenye mshipa, kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Ya pili kama damu haijasimama baada ya dakika 30 au ikianza tena ndani ya saa 24. Utafiti uliotoa uhakika huo ulichapishwa mwaka 2017, ukiwa na wanawake zaidi ya 20,000 katika nchi 21. Kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa karibu sehemu moja ya kumi, na baada ya saa 3 haisaidii tena.

Huyu mzazi, au majeruhi wa bodaboda, akimiminiwa drip za chumvi na chupa za chembe nyekundu pekee, damu yake inakuwa na rangi na haina mafundi. Wametiwa maji. Akiachwa uchi kwenye chumba chenye kiyoyozi, joto la mwili likashuka chini ya 35, vimeng'enya vyake vinafanya kazi kwa uvivu. Na sitreti iliyomo kwenye kila chupa ya damu inakamata kalsiamu yake, ile ile inayohitajika mezani. Blanketi, plazma na kalsiamu.

Sukuma wiki na warfarini

Namba II, VII, IX na X, pamoja na protini C na S, haziwezi kushika kalsiamu mpaka ini lizimalizie kwa vitamini K. Mtoto mchanga huzaliwa nayo kidogo, na maziwa ya mama yana kidogo pia. Ile sindano ya miligramu 1 anayopigwa siku ya kuzaliwa inamkinga na kuvuja kwenye ubongo wiki kadhaa baadaye. Mzazi anayeikataa akidhani ni chanjo amekosea kitu chenyewe.

Warfarini huzuia vitamini K isitumike upya. Watu huiita dawa ya kuyeyusha damu. Haiyeyushi chochote, inapunguza mafundi, na bonge lililopo huondolewa na plazmini ya mwili. Namba VII huisha kwanza, kwa kuwa nusu yake hutoweka ndani ya saa 6 hivi, na INR, kipimo cha muda wa kuganda kwa wanaotumia warfarini, inapanda siku ya pili; prothrombini inachukua siku kadhaa, na protini C, ambayo ni breki, hushuka mapema. Kwa hiyo siku za mwanzo mgonjwa yuko katika hatari ya kuganda zaidi, na heparini huendelea pamoja nayo siku 5 angalau. Lengo kwa wengi ni INR 2 hadi 3. Sukuma wiki, kisamvu, matembele na mchicha vina vitamini K kwa wingi. Kosa ni kuviacha kabisa baada ya kushauriwa vibaya, kisha kuvirudia kwa mpigo sikukuu ikifika. Kula kiasi kile kile kila wiki na dozi itapangwa juu yake. Metronidazo, flukonazo na kotrimoksazoli hupandisha INR ndani ya siku chache. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana, na ikimalizika dozi ya warfarini inapaswa kushushwa tena.

Kubana

Kwa jeraha la kawaida, kitambaa safi na shinikizo la moja kwa moja kwa dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Ukifunua dakika ya tatu unang'oa kizibo na kuanza upya. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu. Majivu, udongo, kahawa na mafuta ya taa vinaongeza pepopunda na uchafu, havimsaidii fundi yeyote. Damu ya puani: kaa, inama mbele, bana sehemu laini ya pua chini ya mfupa kwa dakika 10 hadi 15, pumua kwa mdomo. Ukiinamisha kichwa nyuma damu haijasimama, unaimeza.

Na kuhusu zile simu za kutafuta wachangiaji: chembe sahani hutenganishwa na damu ndani ya saa chache baada ya kuchangiwa, huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 20 hadi 24 zikitikiswa mfululizo, na hudumu siku 5. Friji inayotunza chembe nyekundu kwa siku 35 inaziharibu. Mifuko minne hadi sita kutoka kwa watu tofauti hutosha dozi moja ya mtu mzima. Mchangiaji aliyemeza aspirini juzi atoe damu kama kawaida, ila aseme mapema, mfuko wake usitumike kwa chembe sahani.